Meza ya Fundi: Volyumu zinazokwaruza, vitufe vilivyokatika

Toleo lililopita niliandika habari za mikanda ya mpira inayoyeyuka ikawa kama lami, nikajua mwezi huu nitaletewa mikanda. Wapi! Barua karibu zote ni za nobu na vitufe: inayokwaruza, kilichokwama, kilichokatika, inayozunguka bila kufika popote. Nimechagua tano. Kama swali lako halimo, pengine nimelijibu ndani ya la mwenzako, maana redio kaseti za miaka ya 1970 na 1980, ziwe National, Sanyo, Sharp au Philips, huugua maradhi yale yale.

Shikamoo Fundi. Nina redio kaseti ya marehemu baba, National ya spika mbili. Nikigusa volyumu inakwaruza kama mtu anayeparua ukoko kwenye sufuria, na spika ya kushoto hupotea mpaka niishikilie nobu mahali fulani kwa kidole. Kaka yangu aliidondoshea mafuta ya nazi, ikatulia siku mbili, sasa ni mbaya kuliko mwanzo. Ninunue volyumu mpya Dar au niachane nayo? – Binti wa Pangani

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado. Kaka yako mpe salamu zangu, ila chupa ya mafuta airudishe jikoni.

Mafuta ya nazi hutuliza kelele siku mbili tatu, kisha huanza kukusanya vumbi na kuchacha. Tena huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ninyi Pangani hamlioni hilo, lakini niliwahi kuletewa redio kutoka Lushoto mwezi wa saba: asubuhi nobu haizunguki hata kwa koleo, saa saba mchana inazunguka kama siagi. Mwenyewe alikwisha kuwaza mambo ya mashetani. Nilipoifungua nikasikia harufu ya wali.

Ndani ya volyumu mna kibao chenye mstari mweusi wa kaboni, umepinda kama bangili iliyokatwa. Juu ya mstari huo hutembea vidole vidogo vya shaba. Vidole vikiwa upande mmoja sauti ni ndogo, vikienda upande wa pili inakua. Redio ya spika mbili huwa na vibao viwili kwenye shafti moja, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, ndiyo maana spika moja inaweza kuzimia na mwenzake akaendelea kuimba. Kukwaruza maana yake vidole havigusi kaboni sawasawa. Ama kuna uchafu katikati, ama shaba imepata ukungu, na kwetu pwani hewa yenye chumvi haichelewi, ama kaboni yenyewe imelika.

Kabla ya bisibisi, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Zima redio. Zungusha nobu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, mara 30. Kisha washa usikilize. Kelele ikipungua hata kidogo, tatizo ni uchafu na una kila sababu ya kufurahi. Ikibaki pale pale, mahali pamoja tu, kaboni imechimbika. Na utaona kwamba mahali hapo mara nyingi ni pale mzee alipozoea kuiweka miaka yote, tuseme kati ya 3 na 4. Nimefungua volyumu nyingi katika meza hii, na kwa kutazama kaboni tu naweza kukwambia mwenye redio alikuwa msikilizaji wa kimyakimya au mtu wa kuwaburudisha majirani.

Sasa kufungua. Chomoa waya wa umeme na utoe betri zote, kisha subiri dakika kadhaa, kwa sababu kapasita kubwa za ndani, vile vikopo vinavyotunza umeme, hubaki na umeme. Skrubu za kasha ziko nyuma, na mara nyingi watengenezaji wamechora mshale mdogo kando ya kila tundu linalohusika. Usizichanganye, kwani skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutokea usoni mwa redio. Mimi huzipanga kwenye trei ya mayai kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Nobu hutoka kwa kuvutwa mbele, lakini usizichokonoe kwa bisibisi, utaacha kovu lisilofutika. Chukua kipande chembamba cha khanga kuukuu, kipitishe nyuma ya nobu, shika ncha zote mbili, vuta taratibu. Itatoka yenyewe. Kila waya upige picha kwa simu kabla ya kuuchomoa. Zamani tulichora kwenye boksi la sigara. Simu zimetufaa hapo.

Mafuta ya kaka yako lazima yaoshwe. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi, hukauka pole pole na kuacha kutu nyuma yake, na nyingine zimetiwa mafuta ya ngozi, kwa hiyo soma lebo. Petroli na thina usithubutu. Nilipokuwa mwanafunzi wa mjomba wangu hapa Ngamiani, Tanga, niliona kioo cha stesheni kimefifia, nikakisugua kwa thina king'ae. Kilifanya ukungu kama kioo cha bafuni, na namba zote za stesheni zikahamia kwenye kitambaa changu. Mjomba hakunipiga. Alinikalisha siku nzima nizichore upya kwa sindano na rangi nyeupe, 88 mpaka 108.

Kwenye volyumu tazama upande wenye miguu ya waya. Kuna upenyo mdogo unaoingia ndani. Chukua bomba la sindano, dondosha spiriti matone manne matano, zungusha nobu mara 30, inamisha uchafu utoke, pangusa. Rudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Kwa volyumu iliyokunywa nazi itachukua mara tano au sita. Iache mbele ya feni saa mbili. Baada ya hapo tone moja, nasema moja, la dawa ya kusafishia swichi iliyo na kilainishi, kwa sababu shaba ikitembea kavu juu ya kaboni itaila. Wenye ndugu Ulaya au Marekani huagiza DeoxIT. Ni nzuri na ni ghali. WD-40 ya kawaida iacheni kwa bawaba za mlango na nati zilizoshika kutu, kwani utando inaouacha hukamata vumbi.

Ikiwa baada ya haya yote bado kuna sehemu moja mbaya, itoe volyumu kwenye bodi kwa kuyeyusha lehemu. Kasha lake limeshikwa na masikio manne ya bati. Yainue kwa wembe, usiyakunje zaidi ya mara moja kwa sababu hukatika. Ndani utaona mfereji unaong'aa kwenye kaboni, pale vidole vilipopita miaka 40. Kwa kibano, visogeze vidole hivyo upande mmoja, upana wa unywele tu, vitembee juu ya kaboni ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani. Funga. Kazi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mteja anarudishiwa kitu chake mwenyewe. Wapo wanaopaka penseli laini kwenye mfereji. Nimejaribu. Hukaa wiki chache kisha vumbi la penseli linasambaa na kuzaa kelele mpya.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanalipita: kuna volyumu safi kabisa inayokwaruza. Ukiosha inanyamaza, wiki ijayo inarudi. Hapo kosa si lake. Kuna kapasita ndogo nyuma yake, kwa kawaida ya maikrofaradi 1 hadi 10, kazi yake ni kuzuia umeme mnyoofu wa betri na kupitisha sauti tu. Ikizeeka inavujisha, umeme ule unafika kwenye kaboni, na kila vidole vikisogea unasikia kwaruu. Weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya umeme mnyoofu, pima kati ya miguu miwili ya pembeni ya volyumu redio ikiwa inafanya kazi kwa betri. Inatakiwa karibu na sifuri. Ukiona kiasi kinachosomeka wazi, badilisha kapasita. Ni ya bei ya chai na andazi.

Na kama mwishowe ni lazima ununue, usiende dukani na neno "volyumu" peke yake. Itoe uende nayo. Ya Kijapani utaona imeandikwa, kwa mfano, 50KA au A50K. Namba ni omu elfu 50. Herufi A maana yake imetengenezwa kwa kufuata sikio la binadamu, na B imepanda sawasawa kama ngazi. Herufi ikifutika, pima: weka nobu katikati kabisa. Ya B itasoma nusu, elfu 25. Ya A itasoma elfu 5 hadi 7 na kitu kutoka upande wa sauti ndogo. Za Ulaya za zamani zilitumia herufi kwa maana nyingine, kwa hiyo kwa Philips amini mita, usiamini herufi. Ukifunga B mahali pa A redio itafanya kazi, lakini ukigusa nobu tu nyumba nzima inaamka, na kutoka nusu kwenda juu hakuna kinachoongezeka. Ukikosa A kabisa, lehemu rizista, yaani kizuizi cha umeme, ya omu elfu 6.8 hadi elfu 10 kati ya mguu wa katikati na ule wa ardhi wa B ya elfu 50, kila upande yake. Itakaribia.

Kisha hesabu miguu. Ikiwa kila kibao kina minne badala ya mitatu, huo wa nne ni wa kuongeza besi sauti ikiwa ndogo. Volyumu ya namna hiyo ni nadra kuipata dukani leo. Mara nyingi iliyopo ni iliyomo ndani ya redio nyingine mbovu. Ndiyo sababu nilikwambia tangu mwanzo usinunue kitu bado.

Assalaam aleikum Fundi. Redio kaseti yangu ikipiga kanda hutoa sauti upande mmoja, baada ya dakika chache inapiga mayowe kama paka. Nikikigusa kitufe cha kurekodi kidogo tu, bila kukibonyeza, sauti hurudi. Fundi mmoja huku ameniambia hedi imekufa na anataka pesa nzuri. Redio yenyewe FM haina shida, spika zote mbili zinalia. – Mwalimu, Likoni, Mombasa

Waaleikum salaam, Mwalimu. Pesa yako iweke mfukoni. Umejijibu mwenyewe mara mbili bila kujua.

FM inalia pande zote, kwa hiyo volyumu, amplifaya na spika ni nzima. Na ukigusa kitufe cha kurekodi sauti inarudi, kwa hiyo hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, ni nzima pia, maana hedi haijui lolote kuhusu kitufe hicho. Kinachokijua ni swichi ndefu iliyolazwa kwenye bodi, ina miguu miwili miwili kama tandu. Hedi ile ile hutumika kusoma na kuandika, na swichi hii ndiyo inayohamisha nyaya zote kwa mpigo kutoka kusoma kwenda kuandika. Ndani yake mna vipande vya shaba vilivyopakwa fedha. Fedha ikikaa na hewa yenye salfa huwa nyeusi kama pete ya zamani kabatini, na watu hawarekodi tena, kwa hiyo swichi inakaa mahali pamoja miaka 20 bila kujisugua. Kipande kimoja kisipogusa, upande mmoja unakufa. Kikigusa nusu, saketi ya kurekodi inajichanganya na ya kusoma, na hapo ndipo anapotokea paka wako.

Dawa ya kwanza ni mazoezi. Zima redio, chomoa umeme, toa kanda. Kitufe cha kurekodi hakitakubali kushuka kwa sababu kwenye kona ya ndani ya mlango wa kaseti kuna kijiti kinachochunguza kama kanda ina kile kipande chake cha plastiki mgongoni. Kisukume kijiti kwa kidole, kisha bonyeza kurekodi na kuachia, kurekodi na kuachia, mara 30 au 40. Mara nyingi tatizo linapungua pale pale.

Dawa ya pili ni kufungua na kupuliza dawa ya swichi. Ingiza mrija kwenye ncha mbili za swichi, puliza kidogo sana kila upande, endesha swichi mara 30 tena, subiri ikauke. Kidogo, Mwalimu. Redio nyingi ninazoletewa zimeogeshwa, dawa imefika kwenye mkanda wa mota, mkanda unateleza, kanda inaimba kwa usingizi, na mteja anadhani ameleta ugonjwa mmoja kumbe ni miwili. Weka kitambaa chini ya swichi kabla hujapuliza. Usiifungue swichi yenyewe. Ina vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na vikiruka sakafuni utavitafuta mpaka Isha.

Na kanda ya kujaribia iwe ile usiyoipenda. Nakwambia hili kwa sababu nimewahi kujaribu kitufe cha kurekodi kwa kanda aliyoniachia mteja ndani ya redio, bila kuisikiliza kwanza. Ilikuwa harusi ya dada yake, mwaka 1984, na wapigaji wa taarab wa hapa hapa Tanga. Katikati ya wimbo, kwa karibu dakika mbili, muziki unakatika na badala yake anasikika kijana anauliza, "Mbona hii haiwaki?" Kijana huyo ni mimi. Yule mama bado anayo ile kanda, na kila nikipita kwake huniuliza kama imewaka.

Ikiwa baada ya wiki mbili tatu tatizo linarudi, rudia mara moja zaidi. La tatu ni la kubadili swichi kutoka redio nyingine ya aina ile ile, kazi ya kulehemu miguu zaidi ya 20 bila kuunguza bodi. Hiyo sasa mpe fundi, ila si yule wa hedi.

Fundi, kitufe cha STOP kimekatika kwenye Sanyo yangu na sasa nasimamisha kanda kwa kuchomoa umeme. Vingine navyo ni vigumu, lazima nitumie gumba zote mbili. Mwanangu anasema tugundishe kwa supagluu. – Baba Mdogo, Morogoro

Kuchomoa umeme kanda ikiwa inazunguka acha leo leo. Rola ya mpira inabaki imebanwa kwenye kile chuma chembamba kinachovuta kanda, inapata kishimo, na baada ya hapo kila wimbo utayumba kama umepanda daladala.

Anza na ule ugumu, kwa sababu ndio uliokivunja kitufe. Watengenezaji walipaka grisi kwenye vyuma vya vitufe, na grisi ya miaka 40 imekuwa nta. Safisha kwa spiriti na mswaki wa zamani mpaka vyuma viwe vikavu, kisha paka grisi nyeupe kidogo pale tu chuma kinapopita juu ya chuma. Utashangaa vitufe vitakavyoshuka kwa kidole kimoja. Usipofanya hivyo, hata kitufe kipya kitakatika.

Sasa mwanao ana nusu ya jibu. Supagluu peke yake kwenye plastiki iliyokatika hapo, mahali penye shinikizo, haitamaliza siku. Inahitaji mfupa. Kata kipande cha spoki ya baiskeli, unene wake ni milimita 2, urefu kama punje mbili za mahindi; kama kitufe ni chembamba, klipu ya karatasi inatosha. Toboa tundu pande zote mbili za mkatiko kwa ncha ya moto, ingiza chuma, unganisha, hakikisha kimenyooka na wenzake. Kisha nyunyizia bekingi soda ile ya keki kwenye ufa na udondoshe supagluu tone moja. Inaganda papo hapo, ngumu kama jiwe, na unaweza kuipiga tupa ikalingana. Fanya hivi kitufe kikiwa nje ya redio, penye hewa, kwa sababu moshi wa supagluu huacha utando mweupe kwenye plastiki nyeusi na kioo. Na bekingi soda si hamira, Baba Mdogo. Nimeshaletewa kitufe kilichotiwa hamira.

Nobu iliyopasuka shingoni na kuzunguka bure juu ya shafti inatibiwa kwa ukoo huo huo: iviringishie uzi wa kushonea mizunguko kumi kwenye shingo, kaza, lowesha kwa supagluu, acha usiku kucha ndipo uirudishe. Ukiirudisha mapema utaigundisha kwenye shafti, na siku ya kuifungua utanikumbuka vibaya.

Fundi wetu, mimi niko Muscat, redio ni JVC kubwa ya spika za kuchomoka, ameiacha ami yangu. Vijiti vyake vitano vya ekwalaiza ni vizito, vingine vinakwama katikati. Vumbi la huku unalijua. Nipulizie dawa ile ile ya volyumu? – Mjukuu wa Malindi, Unguja

Hapana. Volyumu ya kuteleza si sawa na ya kuzunguka. Iko wazi juu, vumbi la jangwani linaingia moja kwa moja, na uzito ule unaousikia kidoleni si kasoro yote; umewekwa kwa makusudi na grisi nzito ili kijiti kiende kwa heshima. Ukipuliza dawa kali, grisi inaoshwa na kutiririka juu ya kaboni. Utabaki na vijiti vinavyopwaya na kukwaruza, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Toa kofia za vijiti, puliza hewa kavu kwanza redio ikiwa imegeuzwa chini. Pitisha brashi laini. Kama bado, itoe bodi ya ekwalaiza, fungua kila kijiti kwa masikio yake ya bati, safisha reli kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, na upake grisi ya silikoni kwenye reli tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa vijiti vyote vitano. Kaboni iguse kwa pamba kavu basi. Kule katikati kunakokwama ni kituo cha kawaida, kimewekwa ujue sifuri iko wapi. Kisikie, usikipige tupa.

Kofia zikipotea usihangaike. Kofia ya kalamu iliyokatwa na kupigwa msasa, ukiitazama kutoka mbali tofauti haionekani.

Nimenunua redio kaseti ya mtumba kutoka Japani hapa Arusha. Nobu ya stesheni inazunguka lakini mshale hausogei kila mara, na ukisogea napata stesheni mbili tu za FM. Kosa ni nobu? – Msikilizaji

Ni makosa mawili, na moja halitibiki kwa bisibisi.

La kwanza ni uzi. Nobu ya stesheni huzungusha uzi uliopita kwenye magurudumu madogo mpaka kwenye gurudumu kubwa la kondensa, kile kifaa kinachochagua stesheni, na mshale umeshikwa na uzi huo huo. Ukilegea unateleza. Kabla ya kununua uzi mpya, pangusa shafti kwa spiriti na usugue uzi kwa ulimbo, ule wa wapiga fidla. Mara nyingi unatosha. Ukikatika, chora njia yake yote kwenye karatasi kwanza, pamoja na idadi ya mizunguko kwenye shafti, kwa kawaida miwili au mitatu, kisha tumia uzi wa kuvulia uliosukwa. Mshipi wa nailoni ule wa kung'aa hauna maana, unavutika na kuteleza. Na usipulize dawa yoyote kwenye kondensa yenyewe. Ndani ina karatasi laini za plastiki, na ukizilowesha stesheni zote zitahama.

La pili: tazama namba kwenye kioo. Redio nyingi za zamani zilizouzwa Japani kwenyewe zina FM ya 76 hadi 90, na za kwetu zinatangaza 88 hadi 108. Umepata kipande cha mwisho wa mstari tu, 88 hadi 90, ndiyo maana unazo stesheni mbili. Kuibadili kunawezekana kwa kurekebisha koili za ndani, lakini si kazi ya mezani nyumbani. Tena geuza redio usome bati la nyuma kabla ya lolote. Japani umeme wake ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu, swali lako la mwezi ujao litakuwa la transfoma. Kwa sasa itumie kwa betri, na kanda zipigwe kama kawaida.